Hapa Hatumtoroki Mtoto

Bibi Vyombo alipoletewa mchumba wa mwanawe amwone, alimtazama binti yule akikunja kitambaa mara nne kabla ya kukirudisha mezani, na jioni hiyohiyo akamwambia jirani yake, "Huyu ni Taratibu. Ukimtuma chumvi, mboga itaozea jikoni." Jina likashika. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na mumewe naye akamwita hivyohivyo, ila yeye alilitamka kwa mapenzi.

Bibi Vyombo mwenyewe hakuwahi kufanya jambo lolote taratibu. Alikuwa ameuza sahani, vikombe na sufuria sokoni tangu ujana mpaka magoti yalipogoma, na mtu wa sokoni huamka kabla ya jogoo, hula amesimama, hubishana na wateja watatu kwa mpigo. Mume alimfia mapema. Mtoto akamlea peke yake, nyumba akaijenga peke yake, na sebuleni akaweka kabati la vioo lililojaa vikombe vizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza, ambavyo hakuna mdomo uliowahi kuvigusa. Siku Taratibu aliposema neno lake, basi, mshangao ulikuwa halali.

"Mama, ninaomba sebule."

"Unaomba nini?"

"Sebule. Nataka niwe nalea watoto hapa, mchana, wazazi wao wakiwa kazini."

Taratibu alikuwa ametoka kuacha kazi kwenye kituo kikubwa cha kulelea watoto, upande wa pili wa mji. Huko watoto walikusanywa ukumbini mbele ya televisheni kama abiria waliokosa gari, na walezi wakakatazwa kuwabeba wasije wakazoea. Alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja akarudi nyumbani, akakaa jikoni na viatu vyake miguuni, akasema harudi tena kule.

"Na kabati langu?" Bibi Vyombo aliuliza.

"Litaingia chumbani kwako, Mama."

"Nilale na vikombe?"

"Havikoromi," alidakia mwanawe kutoka mlangoni.

Mwanawe huyu alikuwa fundi wa friji, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, aliyefanyia kazi zake hapohapo uani. Alikuwa mpole, mchapakazi, ila alikuwa na tabia moja iliyomkera mama yake kupita kiasi. Bibi Vyombo akigusa tu viatu, yeye: "Unakwenda wapi, Mama? Utarudi saa ngapi?" Akienda dukani, aulizwe. Akienda kumjulia hali mgonjwa nyumba ya tatu, aulizwe. Na kila asubuhi, kabla hajashika bisibisi, fundi alisukuma mlango wa chumba cha mama yake, akachungulia, akaurudisha. "Ananihesabu kama kuku," Bibi alilalamika kwa majirani. "Mimi nimezaa mwana au nimezaa askari?"

Mwishowe sebule ilitolewa, kwa sharti. Mambo yakishindikana, kabati lirudi mahali pake na habari ya watoto isisikike tena ndani ya nyumba ile. "Yakishindikana," Taratibu alijibu, "nitarudi kule ukumbini kuomba kazi yangu." Alisema hivyo bila kuinua sauti. Akiba yake yote ilikuwa imekwenda kwenye magodoro madogo, mikeka, na vizuizi vya mbao vilivyochongwa na seremala wa mtaani.

Hapo ndipo Bibi Vyombo alipoanza kumwona mkwe wake kwa macho mengine, ingawa kukiri ilikuwa bado. Taratibu alipiga magoti sakafuni, kisha akatambaa chumba kizima, kona kwa kona, akitazama kila kitu kutoka kimo cha mtoto. "Huko chini kuna nyumba nyingine kabisa, Mama," alisema, na kweli alitoka huko na msumari, punje za mahindi, na betri iliyokuwa imepotea tangu mwaka juzi. Fundi akaziba soketi zote. Mlango wa jikoni ukawekwa nusu-mlango wenye komeo juu. Ukutani, chini kabisa, zikapigiliwa ndoano za kutundikia mikoba, na juu ya kila ndoano Taratibu akachora picha: mwavuli, kijiko, jogoo, samaki. Mtoto asiyejua kusoma angejua hapa ni pangu. Na kwa kuwa Bibi hakuwa na subira ya kukariri majina ya watoto, aliwaita kwa ndoano zao.

Wa kwanza alikuwa Mwavuli, mvulana wa miaka miwili mwenye mashavu ya kubanwa. Mama yake alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare, bado yuko kwenye majaribio, na huko geti likishafungwa asubuhi, limefungwa. Akafuata Kijiko, mtoto mchanga wa mwalimu, ndiyo kwanza ameanza kukaa, asiyekuwa na habari na mtu ilimradi ameshiba. Ndoano mbili zilizobaki zilikuwa zinangoja.

Asubuhi ya kwanza mshonaji alimweka mwanawe mkekani, akampa gari la mbao, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni huku amenyanyua visigino. Taratibu akamshika mkono.

"Hapa hatumtoroki mtoto, dada. Muage."

"Atalia!"

"Atalia. Muage."

Basi ikawa hivi: mzazi anachuchumaa, anamtazama mwanawe machoni, anamwambia anakwenda wapi na atarudi lini, si kwa saa bali kwa mambo ambayo mtoto anayajua. Utakunywa uji, utalala, utaogeshwa, halafu mama atakuja. Kisha anaondoka kwa mlango wa mbele, mgongo unaonekana, na harudi nyuma kubembeleza. Mwavuli alimwona mama yake akiondoka, akafungua kinywa, akalia kilio cha kuezua paa.

Taratibu hakumnyamazisha. Alikaa sakafuni pembeni yake, akasema, "Unamtaka mama. Mama kaenda kazini. Atakuja." Akasema tena. Akasema tena, kwa sauti ileile, kama mtu anayepiga pasi nguo ndefu. Bibi Vyombo alisimama kwenye nusu-mlango damu ikimchemka. Yeye angekuwa ameshamtupa yule mtoto hewani mara tano, ameshamwonyesha paka, ameshamdanganya kwamba mama kaenda kuleta biskuti. Na kilio hakikuwa cha siku moja. Kila asubuhi kililipuka palepale, na ingawa kila asubuhi kilipungua kidogo, mtaa haukuona kupungua. Mtaa ulisikia kulia tu.

"Jirani," muuza duka wa ng'ambo ya barabara alimuuliza Bibi, "humo ndani mnalea au mnachinja?"

Wakaja mume na mke wenye mapacha, watu wenye adabu zao, kuangalia kituo. Walifika wakati wa kuagana. Walisikia, wakatazamana, wakasema watarudi. Bibi Vyombo alikuwa muuzaji maisha yake yote; alimjua mteja anayesema atarudi. Usiku ule hakumwambia mkwe wake kitu, ila moyoni alijisemea kwamba binti anazama na sheria yake shingoni, na kama hakuna wa kumwokoa, yeye atamwokoa.

Nafasi ikapatikana asubuhi iliyofuata. Taratibu alikuwa bafuni anamsafisha Kijiko, aliyekuwa amejichafua mpaka mgongoni. Mshonaji akaingia anahema, amechelewa, akili yote iko kwenye geti la kiwanda.

"Nipe huyo," alinong'ona Bibi. "Mimi nimeuza sokoni miaka yote na mtoto mdogo nyumbani, huwezi kunifundisha kuondoka. Wa kwangu alikuwa halali mpaka ashike upindo wa gauni langu. Unajua nilifanyaje? Nilijifunza kulivua kimyakimya, nyoka avuavyo gamba. Yeye amelala amelishika gauni, mimi huyoo nimefika sokoni!"

Hadithi hii Bibi alikuwa ameisimulia maisha yake yote, na haikuwahi kukosa kicheko. Mshonaji alicheka pia. Kisha Bibi akatoa rundo la funguo zake, akalichezesha mbele ya Mwavuli, na mtoto akazama kwenye funguo. Kwa jicho tu akamwonyesha mama mtu njia ya jikoni. Mshonaji akavua viatu, akavishika mkononi, akapita uani kwa ncha za vidole, akatokea nyuma.

Uani alikuwepo fundi, amechuchumaa nyuma ya friji. Alimwona yule mwanamke akinyata na viatu mkononi. Aliweka bisibisi chini, akabaki anautazama ule mlango wa nyuma muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndani kulikuwa kimya. Taratibu alipotoka bafuni, Bibi alimpokea kwa ushindi. "Umesikia? Hata chozi moja! Haya, sheria yako na funguo zangu, kipi kimeshinda?"

Taratibu alimtazama mtoto. Mwavuli alikuwa ameinua macho kutoka kwenye funguo. Alitazama mlango wa mbele. Akatazama mahali mama yake alipokuwa amesimama. Hakulia. Aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akafunua. Akainama chini ya meza. Akaenda kwenye mlango wa bafu, akausukuma, akachungulia, akaurudisha. Akaenda kwenye mlango wa chumba cha Bibi, akausukuma, akachungulia, akaurudisha.

Siku ile hakukaa. Uji hakuunywa. Kulala hakulala, kwa sababu kila alipofumba macho aliyafumbua tena kuhakikisha waliopo bado wapo. Taratibu akienda kuchota maji, alimfuata akiwa amemng'ang'ania mguuni. Na jioni mama yake alipokuja mikono wazi, mtoto hakumkimbilia. Alimpiga kofi la paja, kisha ndipo akalia, kilio ambacho hata Bibi Vyombo, mwenye masikio ya sokoni, alishindwa kukisikiliza.

Jikoni, Taratibu aliosha kikombe kilekile mpaka kikataka kubanduka rangi. Bibi alingoja agombezwe. Angalau angepata pa kujibia.

"Mama," Taratibu alisema mwishowe, "siku zote alikuwa akilia kwa sababu anajua mama yake kaondoka. Leo hajui ni mlango upi unaomeza watu."

Kesho yake mshonaji alifika bila haraka yoyote, na hiyo ilikuwa ishara mbaya. Mwavuli alikuwa amemfunga mikono shingoni, huwezi kupenyeza hata karatasi. "Nimekuja kuchukua mkoba wake," alisema. "Usiku kucha ameniamsha kuangalia kama nipo. Naacha kazi, dada. Nitafanyaje? Naacha."

Taratibu hakumsihi. Alimwomba jambo moja tu: ampe mpaka mwisho wa wiki, na kila asubuhi amuage kama zamani, alie asilie. Mshonaji alisita, akaangalia barabara ya kiwandani, akakubali kwa shingo upande. Alipoondoka, mtoto akiwa anarusha mateke, Taratibu alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama, kazi hii ni yako."

"Yangu? Mimi si ndiye niliyeharibu?"

"Ndiyo maana. Mimi sijamdanganya, kwa hiyo sina cha kurekebisha. Aliyemwonyesha funguo ni wewe. Wewe ndiye utamwonyesha kwamba mtu akienda, hurudi."

Angekuwa mtu mwingine, Bibi Vyombo angemjibu jibu la kumfikisha kwao. Lakini hapakuwa na kebehi katika uso ule, wala hasira. Taratibu alikuwa amemkabidhi kazi kwa heshima, kama fundi anavyomkabidhi fundi mwenzake. Bibi akapiga moyo konde.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha ukiitazama kwa mbali. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwambia binadamu yeyote anakokwenda, sasa alichuchumaa, magoti yakilalamika, akamtazama mtoto wa miaka miwili machoni. "Bibi anakwenda jikoni. Bibi atarudi." Akaenda jikoni, akasimama, akarudi. "Bibi karudi." Akaenda chumbani, akarudi. "Bibi anakwenda chooni. Bibi atarudi." Muuza duka alilisikia hilo dirishani, na kuanzia hapo kila alipomwona Bibi anavuka barabara alipiga kelele, "Bibi kaja dukani! Bibi atarudi!" Bibi alijikaza kisabuni.

Siku ya pili alisahau. Alisikia mpita njia akinadi sahani, na moyo wa muuza vyombo haustaafu. Akatoka mbio kwenda kuzikagua kama ni imara. Aliporudi, alimkuta Mwavuli amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika upindo wa mtandio ambao Bibi alikuwa ameuacha kwenye kiti. Hakuwa akilia. Amesimama tu, ameushika.

Bibi Vyombo aliegemea ukuta. Lile gauni. Miaka yote hiyo amesimulia jinsi alivyolivua, jinsi alivyonyata, jinsi alivyowahi sokoni, na watu wamecheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto aliamka akafanya nini na gauni tupu mkononi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza. Jirani aliyekuwa akimwachia aliwahi kumwambia, "Mwanao hukaa nalo mlangoni," na yeye alijibu kwamba atazoea. Akazoea, au akanyamaza, nani ajuaye.

Alishuka chini taratibu, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila haraka ya kuinuka. "Bibi alikosea," alimwambia Mwavuli. "Bibi aliondoka bila kukuaga. Bibi karudi." Na akaanza upya, kutoka jikoni.

Sitakudanganya kwamba mtoto aliponywa kama kwa dawa. Lakini ilifika asubuhi moja Bibi akamuaga kwenda dukani, akanunua chumvi, akamvumilia muuza duka na dhihaka zake, akarudi. Mwavuli alikuwa mkekani anapanga vizuizi vya mbao na Kijiko anavibomoa. Aliinua kichwa. "Bibi kayudi," alisema, akaendelea na ujenzi wake.

Bibi Vyombo alikuwa amewahi kuuza duka zima la sahani kwa siku moja, na furaha ya siku ile haikufika hata robo ya hii. Aliingia jikoni akajifuta macho kwa kisingizio cha vitunguu, na vitunguu vyenyewe havikuwepo.

Mwisho wa wiki mshonaji alichuchumaa, akamuaga mwanawe. Mwavuli akalia kidogo. Katikati ya kilio akakumbuka kupunga mkono, akapunga, akamalizia kilio chake, akaenda kuchukua gari la mbao. Mshonaji alisimama barabarani amejishika kifua, mpaka Bibi alipomkumbusha kwa kelele kwamba geti halimsubiri mtu. Wale wenye mapacha nao wakarudi. Walikuwa wamesikia mtaani kwamba kuna nyumba ambayo hata bibi mwenye nyumba anaaga akienda chooni. Ndoano ya jogoo na ya samaki zikapata wenyewe, na kabati likabaki chumbani.

Ungetaka kumwona Taratibu alivyokuwa, ungefika pale wakati wa uji. Watoto wanne, mikono miwili, na hakuna purukushani. Anamwambia mchanga kwamba anataka kumbeba kabla hajambeba. Anamngoja anayejifunza kushika kijiko amwage anachomwaga, kisha anamngoja tena. Bibi Vyombo alikaa kwenye kiti chake akimtazama, na mtu akimsifia mkwe wake hakuongeza neno la kejeli. "Nilimpa jina mwenyewe," alikuwa akisema, utadhani alilitoa kama tuzo.

Ikafika siku Bibi alipopanga kwenda kwa mdogo wake wa kike, mji mwingine, akae huko mpaka Jumamosi ya pili. Desturi yake ilijulikana. Safari zote aliondoka watu wakiwa hawajaamka, mkoba mkononi na mlango ukivutwa bila mlio, kwa kuwa kuagana, alisema, ni kupoteza wakati. Mwanawe angeamka, angesukuma mlango, angekuta kitanda kimetandikwa.

Safari hii alingoja kupambazuke. Akawaaga watoto, mmoja mmoja. Akamuaga mkwe wake. Kisha, badala ya kushika njia ya geti, akazunguka uani.

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, kichwa kimezama kwenye nyaya. Bibi Vyombo aliweka mkoba chini, akashika ukuta, akachuchumaa kando yake. Magoti yakalia. Mwanawe akageuka kwa mshtuko, akadhani mama ameanguka, akanyoosha mkono.

"Nipo salama," Bibi alisema. Akamtazama machoni. "Mwanangu, naenda kwa mama yako mdogo. Nitalala huko. Utafanya kazi zako, utapumzika Jumapili, utafanya tena kazi zako, halafu Jumamosi ya pili, jioni, nitarudi. Nitarudi kwa mlango wa mbele."

Fundi alimtazama. Akapitisha mkono wenye grisi kwenye kidevu chenye mvi, kikachafuka.

"Sawa, Mama," alisema.

Akamsaidia kuinuka, akampa mkoba wake. Bibi alitembea kuelekea getini, pole kuliko kawaida yake, akingoja. Alilijua lile swali, alilijua hata litakapomfikia, palepale mkono unapogusa komeo. Akagusa komeo. Akasubiri kidogo. Nyuma yake hakusikia mtu akiuliza anakwenda wapi wala atarudi saa ngapi. Alisikia bisibisi imeanza tena kazi.